Lisemwalo Lipo? Namna ya Kusoma Tetesi za Kompyuta za Mac

Kuna kifaa cha Apple ambacho hakikuuzwa dukani hata kimoja, lakini kimeacha alama katika sheria za California. Jina lake lilikuwa Asteroid. Kilikuwa kiboksi cha kuunganishia gitaa au maikrofoni kwenye Mac kwa waya wa FireWire, ili mtu arekodi muziki wake kwa programu ya GarageBand. Novemba 2004 tovuti za wapenzi wa Mac, zikiwemo PowerPage na AppleInsider, zilichapisha habari zake kabla hakijatangazwa. Mwezi uliofuata Apple ikafungua kesi dhidi ya watu wasiojulikana, ikitaka wachapishaji wabanwe mpaka ajulikane aliyetoa siri. Mahakama ya kwanza iliipa Apple ushindi. Tarehe 26 Mei 2006 mahakama ya rufaa ikaupindua: anayekusanya na kuchapisha habari mtandaoni ana haki ya kutotaja chanzo chake sawasawa na mwandishi wa gazeti. Mvujishaji akabaki gizani. Asteroid nayo haikutoka mpaka leo.

Mtu akiniuliza kama tetesi za Mac ni za kweli au ni porojo, huwa namsimulia kisa hicho kwanza. Habari zile zilikuwa za kweli kiasi cha kumpeleka mtu mahakamani, na bado aliyeweka akiba akingoja kifaa alingoja bure. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwa Mac hilo halitoshi. Lisemwalo laweza kuwa lipo kabisa, limelala juu ya meza ya mhandisi, na lisije kamwe.

Na sisi si wageni wa mambo haya. Dirisha la usajili likifunguliwa tu, asubuhi tunasoma kwamba winga fulani kashapanda ndege kuja Simba, jioni tunaambiwa kasaini Yanga, wiki ijayo yuko kwao anacheza na wanawe. Mzoefu wa tetesi za soka hakimbilii kuuliza kama ni kweli. Anauliza nani kasema. Wakala wa mchezaji anajua mshahara ulioombwa, ila hajui kocha ameamua nini. Mtu wa uwanja wa ndege anajua nani katua, ila hajui kaja kwa shughuli gani. Ukiisoma Mac kwa jicho hilo hilo, mengi yaliyoonekana fujo yanajipanga.

Kwa nini wafiche

Mwaka 1981 ilitoka kompyuta ya kubebeka iliyoitwa Osborne 1. Kubebeka kwenyewe ni kwa kujikaza, maana ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi. Iliuzwa dola 1,795, tena iliuzika. Ilipofika 1983 mwenye kampuni, Adam Osborne, akaanza kuwasimulia watu mashine bora zaidi zinazokuja. Wateja wakasikia, wakakunja hela zao, wakasubiri. Mashine za zamani zikarundikana, fedha ikakatika, na Septemba mwaka huo huo kampuni ikafilisika. Wapo wanaosema uongozi mbovu ulichangia kuliko maneno yake, na huenda wana haki, lakini kila muuza kompyuta alikisikia kisa kile na kukishika. Ukiuza mashine ya leo, usimwonyeshe mteja ya kesho.

Apple ya miaka ya 1990 ilivuja kama pakacha. Gazeti la MacWEEK lilikuwa na safu nzima ya umbea huo, ikiandikwa kwa jina la Mac the Knife. Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa Apple, aliporudi mwaka 1997 akaanza kuziba matundu, na wenzake wa biashara walilijua hilo kwa gharama. Julai 2000 kampuni ya ATI ya Canada, iliyokuwa ikiitengenezea Apple kadi za picha, ilitoa taarifa yake mapema ikitaja Mac mpya zenye kadi yake ya Radeon. Jobs alipopanda jukwaani New York, Radeon haikutajwa.

Tovuti ya Think Secret ilionja dawa hiyo hiyo. Mwishoni mwa Desemba 2004 iliandika kwamba inakuja Mac ndogo isiyo na kioo, bei dola 499. Apple ikaishtaki mwanzoni mwa Januari. Tarehe 11 Januari Jobs akaitoa Mac mini, dola 499. Sijui kama kuna muhuri mzito wa kuthibitisha tetesi kuliko hati ya mashtaka. Mwenye tovuti, ambaye aliianzisha akiwa na miaka 13 na wakati wa kesi alikuwa mwanafunzi wa Harvard, alikubaliana na Apple mwaka 2007. Tovuti ikafungwa, vyanzo havikutajwa.

Anayejua umbo hajui jina

Kompyuta moja hupita mikononi mwa watu maelfu kabla haijakufikia, na kila mkono unajua kipande chake. Mfano safi kuliko yote ni wa Aprili 2021.

Quanta Computer ni kampuni ya Taiwan inayoziunganisha MacBook, yaani Mac za kubebeka. Genge la wadukuzi lililojiita REvil liliingia kwenye mitambo yake, likaiba nyaraka, likadai dola milioni 50. Quanta haikulipa. Tarehe 20 Aprili, siku ile ile Apple ilipokuwa ikizindua iMac za rangirangi, genge likaanza kumwaga michoro hadharani na kuigeukia Apple yenyewe. Ndani yake mlikuwa na michoro ya mazabodi, yaani bao kuu za saketi, za MacBook Pro ambazo hazijatoka, zikitajwa kwa majina ya ndani, J314 na J316. Anayejua kusoma michoro aliona tundu la HDMI limerudi, sehemu ya kuchomeka kadi ya kamera imerudi, na chaja ya sumaku ya MagSafe imerudi. Hayo yote Apple iliyaondoa mwaka 2016, na wapiga picha walikuwa hawajasamehe. Mchambuzi Ming-Chi Kuo alikuwa ameyasema karibu yote tangu mwanzoni mwa mwaka, lakini sasa watu waliyaona kwa macho.

Tarehe 18 Oktoba 2021 mashine zikatoka. HDMI ipo, kadi ipo, sumaku ipo. Michoro haikukosea hata tundu.

Sasa tazama ambayo michoro haikusema. Juu ya kioo cha mashine zile kulikuwa na pengo jeusi la kamera, linaloshuka katikati ya skrini kama lile la iPhone. Ndilo lililozua mabishano kuliko kitu kingine chochote usiku ule, na kwa miezi sita yote tangu wizi karibu hakuna aliyelizungumzia, mpaka zilipobaki siku chache. Mazabodi haijui kioo. Kioo kinatoka kiwanda kingine, kwa watu wengine, wenye siri zao. Vivyo hivyo kwa jina la chipu. Karibu kila mvujishaji aliiita M1X mpaka dakika ya mwisho. Ikatoka M1 Pro na M1 Max. Mtu wa kiwandani hana njia ya kulijua jina hilo, kwa sababu kwake chipu ni namba ya oda. Jina hupewa na watu wa masoko walioko California, na hao ndio wanaofunga midomo kuliko wote. Bei nayo ni hivyo hivyo. Kwa hiyo ukisoma habari ya kiwandani inayotaja umbo, matundu, jina, bei na tarehe kwa pamoja, jua kwamba mwandishi amepewa viwili na vitatu kajazia mwenyewe.

Hapo niongeze jambo ambalo wapenzi wengi hawalioni. Habari za kiwandani hazikusanywi kwa ajili yetu. Wachambuzi kama Kuo walianza kazi hiyo kuwahudumia wenye hisa, watu wanaotaka kujua kampuni ipi ya Taiwan au China itapata oda ya vioo, ipi ya bawaba, ipi itanyang'anywa. Mpenzi wa Mac anaokota makombo chini ya meza ya wenye mitaji. Ndiyo maana taarifa hizo ni imara sana zinapozungumzia aina ya kioo na idadi ya oda, na hulegea zinapofika kwenye kile kinachotusumbua sisi, yaani lini. Kiwanda kinajua siku ya kuanza kuunganisha. Siku ya kuuza anaijua mwingine.

Mdomo mwingine ni wa Apple yenyewe, kwa bahati mbaya. Programu ya mashine mpya lazima iandikwe kabla mashine haijatoka, na ndani ya programu hubaki picha na maneno. Tarehe 25 Oktoba 2016 watu walichokonoa toleo la 10.12.1 la macOS, mfumo unaoendesha Mac, wakakuta picha ya MacBook Pro yenye ukanda wa kugusa juu ya kibodi. Uzinduzi ulikuwa siku mbili mbele. Oktoba 2019 toleo la majaribio la 10.15.1 likakutwa na aikoni ya MacBook Pro ya inchi 16, na mashine ikatoka Novemba 13. Tetesi za namna hii ndizo ninazoziamini kuliko zote. Ni ndogo, hazisemi mengi, lakini hakuna mtu kati yako na chanzo.

Serikali nazo husema, kwa lugha yao kavu. Nchi za Umoja wa Uchumi wa Eurasia, yaani Urusi, Kazakhstan na wenzao, zinataka kila kifaa chenye usimbaji fiche, yaani uwezo wa kuficha data kwa msimbo, kiorodheshwe kabla hakijaingia sokoni. Basi katika daftari lao hujitokeza namba za Mac, herufi A na tarakimu nne, bila maelezo ya maana. Unajua kuna kitu kinakuja. Huelewi ni nini.

Na mwisho kabisa ni maghala. Mwanzoni mwa Oktoba 2024 watengeneza video wa Urusi walifungua mbele ya kamera maboksi ya MacBook Pro ya M4 yenye RAM ya GB 16, wiki kadhaa kabla ya Apple kusema neno. Wengi walicheka wakisema ni boksi la kuchapisha nyumbani. Tarehe 30 Oktoba mashine ikatangazwa, vile vile. Ghala ni mdomo wa kuchelewa, lakini ndio pekee unaojua kila kitu, kwa sababu bidhaa imeshakamilika.

Lipo, ila haliji

Mpaka hapa nimesema kana kwamba kosa la tetesi ni kukosa vipande. Kuna kosa jingine gumu zaidi, ambalo si kosa la mtu.

Mei 2021 shirika la habari la Bloomberg liliandika majina ya ndani ya chipu ambazo Apple ilikuwa ikiziunda kwa ajili ya Mac kubwa. Zilitajwa Jade C-Chop, Jade C-Die, Jade 2C-Die na Jade 4C-Die. Ukiyatazama majina yale leo, yanajieleza kama hesabu ya darasa la pili. C-Die ndiyo chipu kamili, na hiyo ikawa M1 Max. C-Chop ni ile ile iliyokatwa upande, ikawa M1 Pro. 2C ni mbili zilizounganishwa ubavu kwa ubavu, viini (vitengo vya kufanyia hesabu) 20 vya prosesa na 64 vya picha, na Machi 2022 ikatoka kwa jina la M1 Ultra, idadi ile ile. Tatu kati ya nne, bila kupotea hata kiini. Mwandishi gani hangeamini na ya nne, yenye viini 40 na 128?

Haikuja. Si kwenye M1, wala kwenye M2. Desemba 2022 Bloomberg hiyo hiyo ikaripoti kwamba mpango wa chipu ya nne kwa moja katika kizazi cha M2 umefutwa, kwa sababu ya gharama na ugumu wa kuiunda. Juni 2023 Mac Pro ikatoka na M2 Ultra, chipu ile ile iliyowekwa kwenye Mac Studio ndogo, kwa bei ya kuanzia dola 6,999. Waliongoja mnyama walipewa boksi kubwa lenye hewa nyingi ndani. Je, tetesi ya 4C ilikuwa uongo? Kwa maoni yangu, hapana. Ilikuwa picha ya mpango siku ulipopigwa picha, na mpango ukabadilika.

Kinyume chake pia hutokea, jambo likakaa hadi watu wakalisahau. Mwaka 2002 jarida la eWeek liliandika kwamba ndani ya Apple kuna mradi uitwao Marklar, unaotunza nakala ya Mac OS X inayoweza kuendeshwa na prosesa za Intel. Wakati huo Mac zote zilitumia prosesa za PowerPC, na Intel ilikuwa kama kambi ya maadui. Miaka mitatu ikapita. Juni 6, 2005 Jobs akasimama San Francisco akasema Mac zinahamia Intel, na akakiri kwamba kwa miaka mitano kila toleo la Mac OS X lilikuwa linaundwa kwa siri kwa ajili ya prosesa hizo pia. Marklar ilikuwepo. Aliyesoma habari ile 2002 akaahirisha kununua, alikaa zaidi ya miaka mitatu bila kompyuta, maana Mac za kwanza za Intel ziliuzwa Januari 2006.

Ndiyo maana naitofautisha habari ya meza ya mhandisi na habari ya kiwandani. Ya mhandisi inaona mbali, miaka miwili au mitatu, na inaweza kufutwa kwa kikao kimoja. Aprili 2018 Bloomberg ilisema Apple itaweka chipu zake yenyewe kwenye Mac kuanzia 2020, na hisa za Intel zikaporomoka siku hiyo. M1 ikatoka Novemba 2020. Hapo mpango haukubadilika. Ule wa Jade 4C ukabadilika. Kwa msomaji aliyeko nje, siku habari inapotoka, hizo mbili zinafanana kama pacha.

Mashahidi kumi, mdomo mmoja

Wanazuoni wa hadithi za Mtume hawaanzi na maneno, wanaanza na sanadi: nani kapokea kwa nani, na huyo kapokea kwa nani. Watu kumi waliopokea kwa mtu mmoja, nguvu yao yote inarudi kwa yule mmoja. Nimekuwa nikitamani nidhamu hiyo kwenye habari za kompyuta. Mtu mmoja anaandika jambo, tovuti arobaini zinalinukuu, video mia zinalisoma kwa sauti, na kufika Jumapili inasemwa kuwa “vyanzo mbalimbali vinaripoti”. Chanzo ni kimoja, kimevaa kanzu tofauti.

MacBook Air ya M2 ilipita kwenye mlango huo. Mei 2021 mtengeneza video Jon Prosser alitoa picha za kuchora zikionyesha Air mpya bapa, isiyo na ule ukingo wa mbele mwembamba kama wembe, fremu ya kioo nyeupe, na rangi kama za iMac. Picha zilipendeza, nakiri, na zikazunguka hadi zikawa kama picha za kweli. Juni 2022 Air ikatoka. Bapa, kweli. Fremu nyeusi, na rangi nne za watu wazima: fedha, kijivu, nyeupe ya kimanjano na buluu ya usiku. Umbo hilo alilipata, urembo ukamponyoka. Picha ya kuchora ina hila hiyo. Mchoraji hawezi kuacha nafasi wazi pale asipojua, lazima apake rangi fulani, na wewe mtazamaji huoni mpaka kati ya alichoambiwa na alichokisia.

Chukua sasa tetesi ambayo bado inatembea, ya Mac yenye kioo cha kugusa. Jobs aliikataa hadharani mwaka 2010, akisema mkono unachoka kugusa kioo kilichosimama. Januari 2023 Bloomberg ikaripoti kwamba wahandisi wanaifanyia kazi, na kwamba inaweza kutoka 2025. Oktoba 2025 MacBook Pro ya M5 ikaja bila mguso. Lakini Septemba ya mwaka huo Kuo, ambaye sikio lake liko viwandani, alikuwa amesema MacBook Pro ya kioo cha OLED itakuwa na mguso, uzalishaji ukitarajiwa kuanza mwishoni mwa 2026. Midomo miwili isiyokaa nyumba moja, mmoja wa meza ya mhandisi na mwingine wa kiwandani, inasema jambo lile lile. Kwenye mguso naweka imani yangu. Kwenye tarehe, siweki hata shilingi. Rangi, jina na bei yake sitaki hata kusikia kwa sasa.

Kaka yangu mmoja huwa ananitumia viungo vya habari hizi na swali lile lile: “Ninunue au ningoje?” Tetesi karibu zote zimeandikwa na Mmarekani kwa ajili ya Mmarekani, ambaye akinunua kwa Apple leo na mpya ikatoka wiki ijayo, ana siku 14 za kuirudisha. Afrika Mashariki hakuna duka la Apple lenyewe. Mashine inakuja kwa wakala, kwa muuzaji aliyeitoa Dubai, au kwenye begi la shangazi, na shangazi hapokei kitu kilichorudishwa. Uzinduzi ukifanyika saa 4 asubuhi ya California, huku ni saa 2 usiku, au saa 3 usiku, kule wakisharudisha saa zao nyuma, na kuanzia usiku huo mpaka mashine ifike kwa bei ya kueleweka hupita miezi. Basi jibu langu kwake hutegemea mdomo uliosema. Habari ikiwa imetoka kwa mhandisi, mwambie muuzaji afunge mzigo. Ikiwa imetoka ghalani, na boksi limeonekana, ngoja, na ile ya zamani utaipata kwa bei ya chini baada ya mwezi. Iliyotoka kiwandani ndiyo ngumu, na hapo namuuliza kwanza kompyuta aliyonayo sasa bado inawaka.